Jembe Langu Lililolima Lenyewe

Shikamooni wazee. Wenzangu, poleni na jua. Mwenyekiti amenitaka nisimame mbele ya chama chetu cha kuzikana, nieleze nilivyotengwa na nilivyorudishwa, ili vijana wajifunze. Amenisihi niseme kwa upole. Nitajitahidi, ila upole sikuja nao mwingi. Majina sitataja. Hapa Mabira tunajuana hadi vikohozi, kwa hiyo atakayejitambua ajitambue kimyakimya.

Mnaijua kazi yangu, au mnadai mnaijua. Naandika programu za kompyuta. Chumba changu kinatazama njia, na mezani ipo mashine niliyoiunga mwenyewe kwa vipuri vya mitumba. Boksi lake halina mfuniko. Kioo kimoja ni kizima, kingine kina mstari wa njano katikati, na kibodi imefutika herufi, naandika kwa mazoea tu. Chini ya meza kuna betri za sola, maana umeme wetu nao una mambo yake. Mchana nafanya kazi za watu wa mijini. Jioni nafanya ya kwangu, ambayo hainiingizii hata senti: nakusanya maneno ya Kinyambo kutoka kwa mama yangu. Yeye anasema, mimi narekodi, na programu niliyoiandika inazikata zile sauti neno mojamoja na kuzipanga, ili mtoto akibonyeza jina la aina ya ndizi amsikie mama akilitamka.

Ninyi hiyo mliiita kukaa bure. Mkipita mkaniona kitini mnasema, msomi huyu hata migomba yake haipalilii. Ndugu zangu, nawaambia, mtu anayefanya kazi ameketi hana mtetezi kijijini.

Ndipo ukaja ule msiba wa jirani. Alifariki mzee wetu mmoja, na mila sote tunaijua: kukiwa na msiba hakuna kugusa jembe. Nilikwenda. Nilichimba kaburi hadi viganja vikatoka malengelenge, na aliyekuwa akinipokea koleo ameketi hapa mbele, ananitazama sasa hivi. Lakini nyumbani niliiacha mashine ikizikata sauti za mama. Ni kazi ya saa nyingi, na ukiizima katikati unaanza upya. Dirisha lilikuwa wazi. Mtu mmoja aliyetumwa kuchukua masufuria ya msibani akapita, akaona maandishi yanakimbia kwenye kioo na kiti hakina mtu. Hakuja kuniuliza. Alikwenda moja kwa moja kwa viongozi.

Matanga yalipokwisha mkaniita. Nikasema nilikuwa makaburini pamoja nanyi, na mliniona. Mzee mmoja akanijibu maneno yanayonichoma hadi leo.

“Wewe ulikuwa makaburini,” alisema, “lakini jembe lako lilikuwa linalima.”

Mkapiga makofi. Mkanitoza mbuzi na dumu la rubisi, pombe yetu ya ndizi, na juu yake nipige magoti niombe radhi. Nikawauliza: na rubisi mliyoifunika majumbani mwenu, haikuwa inachacha msiba mzima? Maharage yenu yaliacha kuota? Wawili watatu walicheka, kisha wakaona wenzao hawacheki. Nikasema magoti sipigi. Mkanitenga mimi na nyumba yangu yote, maana yake mimi na mama yangu, ambaye hajawahi hata kuigusa ile kibodi.

Msijifanye mmesahau mambo yalivyokuwa. Mama akifika kisimani, wanawake wanabeba ndoo zao hata hazijajaa. Dukani anaambiwa chumvi imekwisha, na pakiti anaziona kwa macho yake. Akaacha kutoka. Kisha akaacha na kusema. Nikimwekea maikrofoni ananiambia hana neno. Hapo ndipo nilipoanguka. Nilikaa mbele ya kioo nisiweze kuandika mstari mmoja. Kazi za watu zikachelewa, wakatafuta wengine. Nikaichukia mashine utadhani ndiyo iliyonishtaki. Nikaifungua vipande vipande, nikaitia kwenye gunia la kahawa, nikaenda nayo Kayanga kuiuza.

Pale Kayanga kuna mfanyabiashara wa vifaa vya umeme, Mwislamu ambaye babu zake walitoka Pwani. Vipuri vyangu vingi vilitoka kwake. Alifungua gunia, akatazama, akalifunga tena. Akaniambia, “Kijana, kwa mtu mwenye hasira sinunui. Rudi nayo. Hasira ikiisha na bado unataka kuuza, bei utaipata.” Kisha akanipa kahawa chungu akaniuliza habari za mama. Kwetu swali hilo hakuna aliyekuwa ameniuliza. Gunia nikalirudisha nyumbani, nikalisukuma uvunguni.

Mvua zikaja. Asubuhi moja mama akaanguka jikoni, mwili unawaka, anaita watu waliokwisha kufa. Nikampigia simu dereva wa bodaboda. Akasema kiteremko chetu hakishukiki kwa matope, atanisubiri juu barabarani. Basi ilibaki machela. Nikaenda kuiomba machela ya chama. Nikajibiwa, kwa adabu kabisa, kwamba aliyetengwa hapewi. Kwa adabu! Ni heri ningetukanwa.

Nikafunga blanketi kwenye miti miwili, nikamlaza mama. Nikainua upande mmoja. Upande wa pili ukabaki chini, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuushika. Mlikuwa mmesimama kwenye njia ile na miamvuli yenu. Nililia mbele yenu, sifichi, na wala hamkusogea.

Ndipo akapita katikati yenu mama mmoja. Alikuwa mjane wa yule mzee tuliyemzika, bado amejifunga kitambaa cha kilio. Hakunisalimu. Aliinama, akashika ncha za miti upande wa miguuni, akawageukia ninyi.

“Msiba ulikuwa wa mume wangu,” alisema. “Hakuna aliyeniuliza kama nimekosewa. Huyu hakunikosea.” Kisha akaniambia, “Inua, mwanangu.”

Tukainua. Yule mama umri wake mnaujua. Alikanyaga matope yale mguu kwa mguu, mara mbili akapiga goti, na machela hakuiachia. Tulipofika kwenye mibuni wakaja wanawake wawili wakampokea. Wanaume mlikuja pia, nawashukuru, mlifika kiteremko tukiwa tumekwisha kukipanda.

Mama alikuwa na nimonia. Daktari alisema tungesubiri hadi kesho yake asingekuwepo. Tuliporudi nyumbani, hakuna aliyenidai mbuzi wala rubisi. Mtu aliyeinuliwa na mwenye msiba mwenyewe, mtamtenga kwa kisingizio gani? Nikalivuta gunia uvunguni, nikaiunga mashine upya. Mama alipopata nguvu aliomba maikrofoni kabla sijamwambia. Neno la kwanza alilotamka ni la Kinyambo la machela.

Kwa hiyo nashukuru. Namshukuru yule wa Kayanga aliyekataa kununua. Namshukuru dereva aliyesimama barabarani ananyeshewa huku abiria wengine wakimwita. Namshukuru mama yangu, ambaye amenikataza kuja kusema haya. Na huyo mama aliyeketi pale nyuma akijifunika uso, sina maneno ya kumtosha, hata yale ya kwenye mashine.

Funzo mlilolitaka ni hili: kabla hamjamhukumu mtu kwa niaba ya mfiwa, mwulizeni mfiwa.

Nimeambiwa pia niahidi hapa kwamba kukiwa na msiba nitakuwa naizima kompyuta. Naahidi hivi. Huyo mama wa pale nyuma akitangulia, na Mungu ampe miaka mingi, nitaizima. Nitaifunika kanga, haitawaka mpaka matanga yaishe, hata kazi ikiharibika na iharibike. Ninyi wengine mkifa, nitakuja. Nitachimba, nitabeba, na nikiweza nitalia. Lakini mashine itabaki inafanya kazi, na dirisha nitaliacha wazi.