Rafadha ya Ndege ya Kumi na Mbili

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka fundi saa mliyezoea kumwita Rubani. Hakuwahi kupanda ndege maishani mwake. Alizichonga tu, ndege ndogo za mbao, za urefu wa kiganja.

Baba yake alikuwa fundi wa kikosi cha ndege wakati wa vita. Ndege kumi na mbili, na hakuna iliyorudi. Kila moja ilipopotea, aliiandika daftarini. Ya kumi na mbili aliikaza rafadha, lile panga la mbele linalozunguka, kwa mikono yake asubuhi ile ile. Wiki hiyo hiyo naye akazikwa.

Rubani akalifuata daftari hilo, akizichonga ndege hizo moja moja. Kila ndege aliyomaliza aliitundika kwa uzi darini, sebuleni. Mkewe anasema zilikuwa zikigeuka zenyewe, pua zote mlangoni.

"Nikifagia, siinui uso," ametuambia.

Zilipofika kumi na moja, mume akamwambia, "Mama watoto, nikiitundika ya mwisho, kazi yangu imekwisha."

Mama akakumbuka jinsi baba mkwe alivyozikwa baada ya ile ya kumi na mbili. Mume alipotoka, aliichukua rafadha ya ndege ya kumi na mbili, mti mtupu usio na rangi, akaificha kwenye kopo la vifungo.

"Mama watoto, hujaiona rafadha yangu?"

"Mimi na vidude vyako wapi na wapi?"

Miaka mitatu swali lilikuwa hilo, na jibu hilo. Angeweza kuchonga nyingine kwa nusu saa. Hakuchonga.

Siku ya Jumanne Rubani aliuliza tena, akanywa chai, akaegemea kiti. Hakuinuka. Rubani ametutoka, wasikilizaji wapendwa.

Mchana ule mama alifungua kopo, akitafuta kifungo cha shati la kumvalisha marehemu. Rafadha ilikuwamo. Ilikuwa nyeusi, ncha zake za njano. Akaigusa, kidole kikatoka na rangi mbichi.

"Kumbe alijua nilipoificha," anasema. "Miaka yote alikuwa ananiachia tu."

Sasa binti yao mkubwa ameshika daftari la babu. "Mama, niache niimalizie ndege ya mwisho," anasema.

Tunawapa pole wafiwa wote. Nawe unayetusikiliza, jiulize nyumbani kwako mnafichana nini kwa mapenzi.

Mama ameshaificha tena rafadha, na safari hii si kwenye vifungo. Binti, kama unatusikia, tafadhali usiitafute.