Mtungi Aliousubiri Generosa

Wasikilizaji wapendwa, mbukwenyi, salamu yetu ya Kigogo. Kama unakaa Ipagala, hapa Dodoma, na geti lako halipigi kelele ukilifungua, yaelekea alilichomelea Fundi Yotham. Fundi Yotham ametutoka Jumanne iliyopita, akiwa na miaka sabini na mmoja. Alikuwa mchomeleaji wa matangi ya mvinyo. Narudia, matangi ya mvinyo, maana huko ndiko alikoteleza, na huko ndiko alikojenga jina.

Zamani alikuwa fundi wa mageti tu. Akina mama wakulima wa zabibu wa Hombolo wakamletea stenlesi, chuma kile kisichoshika kutu, awatengenezee tangi. Yotham akaweka waya wa stenlesi kwenye mashine yake ya MIG, ile inayochomelea kwa waya na gesi. Hapo sawa. Lakini mtungi wa gesi akauacha uleule wa mageti, wenye kaboni dioksidi nyingi, sisi tunaiita kaboni tu. Aliona gesi ni gesi tu. Tangi likang'aa, vigelegele vikapigwa. Msimu haujaisha, mishono ikashika kutu, mvinyo ukanuka chuma. Mavuno yote yakamwagwa.

Mama Emilia, kiongozi wao, anakumbuka. "Alikuja mwenyewe, hakutuma mtu. Akavua kofia. Akasema, mama zangu, chuma chenu hakina kosa, kosa ni gesi yangu. Wengine tulilia."

Alilitengeneza upya. Safari hii alitumia agoni, gesi isiyodhuru chuma, yenye kaboni kidogo sana, asilimia mbili hivi. Agoni tupu, moto unayumba. Kaboni ikizidi, stenlesi inashika kutu. Kisha akakata kipande cha ule mshono wenye kutu, akakining'iniza shingoni mwa mtungi. Hakuna aliyegusa mashine ile kabla hajakishika na kujibu swali lake: "Leo gesi gani?" Jamani, hata Krismasi ukipita kumsalimu! Shikamoo, marahaba, leo gesi gani!

Mtungi wa mchanganyiko huo ulikuwa ukitoka Dar es Salaam, na kila mara ulichelewa. Yotham alisubiri. Wateja walinuna, wakamwita mgumu. Hata mimi nilimwita hivyo, Mungu anisamehe.

Mwezi uliopita akalazwa. Karakanani lilibaki tangi moja, la akina mama walewale wa Hombolo. Daktari aliwaambia ndugu kwamba siku zimebaki chache. Mzee alitaka kitu kimoja tu, apelekwe alione limekamilika, alipige kofi dogo kama ilivyokuwa desturi yake. Binti yake Generosa, aliyefundishwa naye, akabakiza mshono mmoja. Gesi ikaisha. Mtungi mpya ulikuwa kwenye lori, na lori limeharibika njiani, Gairo.

Mtungi wa mageti ulikuwa palepale, umejaa. Mama yake, Mama Paulina, akamwambia, "Mwanangu, malizia na huo. Baba yako hatajua."

Generosa aliuunganisha. Akashika mkono wa mashine, akavaa kinyago. Kisha akakishika kile kipande cha kutu. Anasema, "Nilitaka baba alione. Nilitaka sana. Lakini nikafunga mtungi."

Akaenda hospitali. "Baba, bado. Mtungi haujafika."

 Machozi yakamtoka mzee.

"Wa mageti upo?"

"Upo, baba."

"Na umesubiri?"

"Nimesubiri."

"Basi nimeliona," akasema. Akanyoosha mkono, akampiga binti yake kofi dogo begani, lile alilokuwa amelitunzia tangi.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumanne akaondoka. Mtungi ulifika Alhamisi. Ijumaa tulimzika, na Jumamosi asubuhi Generosa akauchomelea ule mshono, macho yamemvimba kwa kulia. Tangi liko Hombolo sasa, nami nimeupitishia kidole mshono ule. Ni safi.

Mama Paulina, Generosa, na wote mliofiwa, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Nawe unayenisikiliza, yawezekana leo kuna mtu amekwambia malizia tu, hatajua. Kabla hujaanza, kaa kidogo, ujiulize kama alivyotuuliza mzee wetu: leo gesi gani?