Kila Mtu na Kikombe Chake

Ukipita nyuma ya soko la Dzaleka, kambi ya wakimbizi nje ya Lilongwe, utakuta benchi la mbao lililochoka, jiko la mkaa, birika jeusi na ukuta wa bati. Ng'ambo ya bati hilo ni chumba cha fundi cherehani Étienne. Hicho ndicho kijiwe cha kahawa cha Alimasi, na hapo vikombe vya kijiwe hakuna. Marehemu mkewe Maimouna, aliyekianzisha kijiwe, aliona vikombe vyake vinaondoka na wateja havirudi, akakata shauri kila mtu aje na chake. Mpaka leo ukija mikono mitupu utaishia kunusa. Maimouna alifariki wakati wa mvua za mwaka jana, na tangu hapo anayepika ni Alimasi mwenyewe. Kahawa yake, jamani, ni ya kusikitisha, lakini watu wanaimeza kwa heshima ya marehemu. Wanamwita Kanda, kwa kuwa zamani kule Kindu aliuza kanda za muziki, na hadi leo hujiona hakimu wa kila kinachopigwa duniani.

Siku hiyo hakimu alikuwa amekunja uso. Ng'ambo ya bati walikuwa wanafanya mazoezi Bati Moto, vijana wa kambini wanaopiga panki, ule muziki wa gita za fujo, wale waliotoa albamu inayoitwa Nyuma ya Cherehani, waliyoirekodi kwa simu humo humo chumbani.

— Leo njo mwisho, akasema Alimasi. Jioni naongea na Étienne abatoshe bale batoto mu chumba yake. Ile haiko muziki. Ile ni masufuria inapigana.

— Amina, akasema Ezechiel.

Ezechiel, mtu wa Fizi, wanamwita Amina kwa sababu huitikia kabla sala haijaisha. Methali anazo gunia zima, ila hajui pa kuziweka.

— Samaki mkunje angali mbichi, akaongeza. Waya ya gita ikishakauka, haikunjike tena.

— Sasa samaki inaingilia wapi? akauliza Nahayo.

Huyo Nahayo ni Mrundi, mwendesha kabaza, na kwenye baiskeli yake hupakia abiria na habari kwa pamoja. Jina lake la kijiweni ni Bibisi.

Alimasi hakucheka. Kisa chake hakikuwa muziki peke yake. Aliuza sauti za watu maelfu, lakini ya mkewe hakubaki nayo hata moja, maana simu iliyokuwa nayo iliingia maji mvua zile zile. Siku hizi akiamka alfajiri hujaribu kuisikia kichwani, yakaja maneno matupu, sauti haipo. Iliyobaki kidogo, aliamini, inafukuzwa na hizo kelele, na hilo lilimuuma kuliko alivyoweza kumwambia mtu.

— Mbele ya kubatosha, sikia habari, akasema Nahayo. Jumamosi Bati Moto balipiga Area 23, kule Lilongwe. Kuko muteja wangu alienda. Anasema bantu balijaa mpaka inje. Na kila mutu alikuja na kikombe.

— Kikombe?

— Kikombe. Ya bati, ya plastiki, moja alileta kopo ya maziwa. Katikati ya wimbo ya tatu muziki inakatika, pap. Bote kimya. Banainua vikombe juu, banangojea. Kisha gita inaanza tena kama mbwa imekanyagwa mukia.

— Umeme ilikatika, akahukumu Alimasi. Banafunika haya.

— Kanda, umeme haiwezi kukatika kila konseri, mahali pamoja.

— Basi banasahauka wimbo. Hata hapa si tunasikiaka? Banafika katikati, banakwama. Kule Kindu mupiga solo akisahau, anachezacheza na vidole mpaka anakumbuka. Hawa banasimama kama bantu bamepoteza ufunguo.

Ezechiel akaweka kikombe chake chini taratibu, kama mtu anayepanda mimbari.

— Mi naona ni meza ya Bwana, lakini bila Bwana. Kikombe, kimya, mikono juu. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

— We nawe. Ile ni mambo ya posho, akasema Nahayo. Vikombe ni tupu, si ndiyo? Banaonyesha bakubwa ba ofisi za City Centre kama chakula imepunguka. Kimya njo barua yao.

— City Centre na Area 23, nani atasikia kimya kutoka mbali vile?

— Kikombe ya bati ni antene, Kanda. Inua kikombe mia tano pamoja, unakamata mpaka Ulaya. Iko njia ya kuomba kusafirishwa kule bila kupanga mustari.

— Kama ni antene, akasema Ezechiel, na macho yakamtoka kwa utamu wa wazo lake, basi banapokea sauti ya bafu, bantu balikwisha kufa.

— Bafu ubaache, akasema Alimasi.

Ezechiel akakichukua tena kikombe chake. Kila mtu akatazama kahawa yake, na kahawa yenyewe haikuwa ya kutazamwa sana.

— Lakini albamu uliisikia, Kanda? Nahayo akauliza pole pole.

— Nusu ya wimbo ya kwanza. Nsima, hii ugali ya hapa, ikiungua, haumalize sahani. We uliisikia?

— Mi nilisikia habari yake.

— Na we, Amina?

— Mi nilikuwa nafunga na kuomba.

Hapo ndipo kabaza ikasimama, akashuka binti mwenye vumbi hadi kwenye nyusi, amevaa fulana nyeusi iliyochorwa cherehani inayowaka moto.

— Jambo, ba papa.

— Jambo, mama. Ikala hapa pa benchi.

— Naitwa Sabine. Natoka Kauma, mu Lilongwe, nasukaka nywele kule. Nilikuwa natafuta cherehani ya Étienne.

— Umefika. Njo hii bati.

Binti akaligusa bati kwa kiganja, akatabasamu. Kisha akatoa mfukoni kikombe cha kijani kilichobanduka rangi, akakiweka kwenye benchi pamoja na vya wenzake, kama mtu wa siku zote.

— Kweli kuko mama hapa, mwenye kugongaka bati?

— Mama gani? akauliza Alimasi.

— Mwenye kuwa mu wimbo ya tatu.

Akatoa simu, akaufungua. Gita zikafoka, ngoma zikakimbizana, Rosette mwimbaji akapiga ukelele. Alimasi alikuwa ameshaandaa midomo ya kuhukumu. Kikasikika kijiko kwenye bati, ko ko ko, na muziki ukakatika hapo hapo. Ikaingia sauti ya mwanamke, karibu kabisa:

«Batoto, vikombe. Kahawa haingojee mutu.»

Akacheka, na baada ya kucheka akakohoa kidogo. Mlango ukalia, vikombe vikagongana, mtu akasema asante mama. Kisha gita zikarudi kwa fujo.

— Kule Lilongwe tunainua vikombe kwa ajili yake, akasema Sabine. Rosette anasemaka wakati bote banabafukuza, huyu alikuwa anabanywesha bure. Akifika hapo anakatiza habari, anaimba. Nimekuja kumushukuru mi mwenyewe. Huyu mama iko wapi?

Nahayo, mwenye habari za dunia nzima, akaanza kukagua tairi la baiskeli yake. Ezechiel hakusema amina.

— Rudisha, akasema Alimasi.

Binti akarudisha. Kijiko, sauti, kicheko, kikohozi.

— Alikuwa anakohoaka vile akisha cheka, akasema Alimasi. Nilikuwa nimesahau. Alhamdulillahi, nilikuwa nimesahau kabisa.

Machozi yakamtoka mchana kweupe na hakuyafuta. Alijaa shukrani mpaka akakosa pa kuielekeza: kwa Mungu, kwa binti huyu wa Kauma, na zaidi kwa wale batoto aliowalaani mwaka mzima, kumbe ndio walikuwa wamemtunzia sauti ya Maimouna.

Sabine akaelewa bila kuambiwa. Akainamisha kichwa, akasema pole, papa.

Ng'ambo ya bati mazoezi yalikuwa yanaendelea. Wakafika katikati ya wimbo, na kama kawaida yao wakakwama. Kimya. Safari hii hakuna aliyesema wamesahau. Alimasi akainuka. Kijiko cha Maimouna kilikuwa bado kinaning'inia msumarini, hakikuguswa tangu mazishi. Akakichukua, akagonga bati.

— Batoto, akasema. Vikombe.

Mlango ukalia, akatoka Rosette, nyuma yake Ntwari wa gita, kila mmoja na kikombe mkononi.

— Papa Alimasi, akasema Rosette, tulikuwa tunangojeaka hii kijiko hapa kila siku.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, akasema Ezechiel, na kwa mara ya kwanza tangu kijiwe kianze methali yake ikakaa mahali pake.

Alimasi akammiminia Sabine kwanza, kisha batoto. Birika lilikuwa linaelekea kuisha Étienne alipochungulia, futi ya kupimia shingoni.

— Kanda, Bibisi ananiambia sasa hivi kama uko na neno juu ya hawa batoto.

— Ndiyo, akasema Alimasi. Lete kikombe.