Niliachwa na Nusu ya Wimbo

Bendi ikishavunjika, yule aliyekuwa akiimba sauti ya pili anaimba nini?

Swali hilo niliulizwa na mzee mmoja Mmarekani kule Temple Hills, nikiwa nimeshika sahani yenye povu. Mimi msomi, mwenye shahada, ninayeuliza maswali mpaka wachungaji hunikwepa baada ya ibada, sikuwa na jibu. Leo ninalo. Kwa hiyo Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi mliokaa mbele, asifiwe na ninyi mnaokaa karibu na mlango ili mponyoke kabla ya matangazo. Kiti hicho nilikikalia miaka minne. Nakijua.

Wengi wenu hapa Lanham mnakumbuka tulikuwa wasichana watatu. Purity aliimba sauti ya kwanza, mimi ya pili, Nafula ya tatu. Tulianza tukiwa bado shule ya sekondari, tukifanya mazoezi katika chumba cha kufulia nguo cha nyumba tunazopanga kule Adelphi, kwa sababu mashine zikinyamaza kuta za chumba kile zilirudisha sauti kama kanisa kuu. Video zetu zikasambaa. Tukaitwa Texas, tukaitwa Minnesota, tukaitwa Massachusetts, na kila tulikofika Wakenya walitupokea kwa vigelegele na chapati. Akina mama walinishika mkono wakisema, "Ninyi ni sauti moja!" Nami niliamini hivyo. Sikuwahi kujiuliza sauti hiyo moja ni ya nani.

Halafu Jumapili moja mshereheshaji akamwita Purity mbele, jina lake peke yake. Nilisimama nikidhani amesahau kututaja sisi wengine. Nilikuwa nimeshafika katikati ya njia, ndugu zangu, nimeshanyoosha gauni, ndipo nikasikia muziki wa wimbo nisioujua ukianza. Purity alikuwa amerekodi wimbo wake mwenyewe, na hakuwa ametuambia. Mbele ya macho yenu wote nilikata kona nikajifanya naenda chooni.

Hiyo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kikundi chetu. Hakuna aliyetangaza. Mwaka huohuo Nafula akaolewa na kuhamia Texas. Purity akawa anaitwa huku na kule, picha yake peke yake kwenye mabango. Nami nikabaki na mama yangu, na sauti ya pili.

Sasa, kuna jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu hapa, na leo nalisema. Wiki chache baadaye, nikiwa bafuni, nilijaribu kuimba ule wimbo wetu mliokuwa mkiupenda kuliko yote. Nikagundua siujui! Miaka yote ile nilikuwa nimeimba kando ya wimbo, sikuwahi kuuimba wenyewe. Kila nilipofungua kinywa ilitoka sauti ya pili, na sauti ya pili ikiwa peke yake husikika kama mtu aliyepotea njia. Nikaanza upya mara tatu. Ndipo nikasikia mama akiuliza kutoka jikoni, "Nani huyo anaharibu wimbo?"

Hakujua alichokifanya, maskini. Alidhani ni redio. Lakini mimi nilifunga kinywa siku ile na sikukifungua tena kwa miaka minne. Hata mliposimama wote kuimba hapa, nilikuwa nachezesha midomo tu. Na mnajua desturi yetu: anayesimama kushuhudia lazima aanzishe pambio kwanza, ndipo kanisa liitikie. Basi sikusimama kushuhudia hata mara moja. Mlidhani ni kwa sababu ya maswali yangu. Ni kweli nilikuwa na maswali, na makali. Niliuliza kwa nini Mungu amsikie Purity, aliyetuacha bila kwaheri, na anitazame mimi kama kiti. Mama akiniambia, "Nanjala, sauti umepewa uitumie," nilimjibu, "Alinipa nusu, mama. Akampa mwingine wimbo."

Uchungu nao, ndugu zangu, unasoma mpaka chuo kikuu! Ulikaa nami maktaba. Ulipata alama nzuri. Nilikuwa naweza kuthibitisha kwa hoja tano kwamba nimedhulumiwa.

Nilipohitimu na kazi ikawa haijapatikana, nilianza kushika zamu za mama za wikendi, kuhudumia wazee majumbani. Ndivyo nilivyofika kwa Mzee Harlan. Hilo si jina lake halisi, na bendi yake siitaji, kwa sababu aliniruhusu kusimulia, si kumtangaza. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa nyonga, anatembea kwa fremu ya chuma ya kuegemea, anatukana fremu hiyo kila hatua. Ukutani alikuwa na gitaa la besi. Nilijua kwamba zamani alipiga muziki wa roki. Sikujua kwamba bendi yake ilijaza viwanja vya mpira, na kwamba uso wa mwimbaji wao ungali kwenye fulana hadi leo. Uso wa mwimbaji. Si wa Mzee Harlan. Yeye alisimama nyuma kushoto, akipiga besi na kuimba sauti ya pili.

Jumamosi moja naosha vyombo, bila kujitambua nikawa navumisha kitu puani. Akanyamazisha televisheni.

"Hiyo unayoimba si wimbo," akasema.

"Samahani, mzee."

"Usiniombe samahani. Nimesema si wimbo. Ni kinachokaa chini ya wimbo. Wewe ni wa sauti ya pili."

Nikageuka. Ndipo akaniuliza lile swali, bendi ikivunjika mtu kama mimi anaimba nini. Alicheka, akanionyesha kwa mguu wa fremu yake rafu moja sebuleni. "Anza pale," akasema. "Wote wale ni yatima."

Ndugu zangu, nilisoma sosholojia miaka minne, lakini sikuwahi kuona maktaba kama ile! Rafu nzima ya sahani za santuri, zote za watu wa roki waliotoka katika bendi kubwa zilizovunjika, wakaanza kuimba kwa majina yao wenyewe. Na hakuzipanga kwa herufi. Alizipanga kwa urefu wa kimya: kushoto wale waliotoa rekodi yao mwezi ule ule bendi ilipokufa, kulia wale waliokaa kimya miaka kumi na zaidi. Wikendi baada ya wikendi, nikimaliza kumpikia na kumfanyisha mazoezi ya mguu, tulikaa tukazisikiliza, nami nikaandika maelezo kama mtu wa tasnifu.

Nikaona mambo. Wale wa kushoto walikuwa wanapiga kelele. Kila wimbo ulikuwa unasema, "Kumbe ni mimi! Bendi ilikuwa mimi!" Wale wa katikati walikuwa wameajiri watu wasikike kama wenzao wa zamani, na ilikuwa huzuni kusikiliza, kama mjane anayemvisha mume mpya suti ya marehemu. Wa kulia kabisa, waliochelewa, mara nyingi walikuwa na gitaa moja na sauti iliyopungua, lakini ukiwasikiliza huondoki.

Mzee Harlan mwenyewe alikuwa na rekodi tatu, na zilikaa sehemu tatu tofauti za rafu. Ya kwanza aliitoa haraka, baada ya mwimbaji wao kujitenga na wao kusoma habari hiyo gazetini. Aliimba sauti ya kwanza katika kila wimbo kwa hasira. "Watu walipiga miayo," akaniambia. Katika ya pili aliajiri mtu mwenye koo kama la yule mwimbaji. Hiyo hakutaka tuicheze, na sikumlazimisha. Kisha akaacha muziki, akaweka mazulia katika nyumba za watu miaka mingi, huko huko Maryland, magoti yakaisha.

Nikamuuliza ya tatu ilitoka wapi. Akasema alikuwa katika ukumbi mdogo, rafiki amembembeleza apige nyimbo mbili, na watu wakaanza kuudai ule wimbo mkubwa wa bendi. Hakuwa na nguvu tena ya kujifanya mtu mwingine. Akashika besi, akaimba sehemu yake tu. Sauti ya pili. Hakuna wa kwanza. Halafu mwanamke mmoja mezani akauingiza wimbo wenyewe, taratibu, na jirani yake, na jirani wa jirani, mpaka ukumbi wote ukawa unaimba na yeye akiwa chini yao amewabeba. Tangu siku hiyo alizunguka hivyo mji kwa mji. Rekodi yake ya tatu ni yeye na watu ambao majina yao hayajui.

Mimi, kwa tabia yangu, nikabisha. Nikamwambia, "Huko si kuimba peke yako, mzee. Huo ni ujanja."

"Binti," akasema, "nitajie mmoja katika rafu hiyo aliyeimba peke yake. Soma nyuma ya majalada. Kila mmoja ana mpiga ngoma."

Nikaenda nikasoma nyuma ya majalada, yote, kwa sababu siamini mpaka nione. Alikuwa amesema kweli.

Lakini kujua si kufunguliwa, ndugu zangu! Ningekuwa nimefunguliwa kwa kujua, ningekuwa malaika. Nilirudi hapa nikakaa karibu na mlango kama kawaida.

Ndipo mama yangu akaugua. Uvimbe kooni, wengi wenu mlituombea. Siku za kusubiri majibu, nyumba yetu ilikuwa kimya mpaka friji ilisikika kama lori. Upasuaji ukaenda vizuri, haikuwa saratani, Bwana asifiwe tena! Lakini sauti ya mama ilibaki mkwaruzo tu, daktari akisema itachukua miezi. Na mama alikuwa ameweka nadhiri kwamba akitoka salama atasimama mbele ya kanisa ashukuru. Kushukuru ni pambio kwanza. Na jamaa yake aliye Marekani ni mimi peke yangu.

Aliniambia kwa kunong'ona, tukiwa kwenye gari katika barabara kuu ya Beltway, "Utanianzishia."

"Siwezi, mama. Mwombe mtu wa kwaya."

"Wa kwaya ndiye aliyenifunga bandeji? Ukikataa sitakulaumu. Nitasimama tu pale, kimya, mpaka Mungu aelewe."

Nami namjua mama. Angesimama.

Basi tukaitwa. Mama Furaha, yule dada yetu wa Bukavu anayekaa mstari wa pili, alinishika kiwiko nikipita. "Weye anza tu, mwana wangu," akasema. "Siye tuko hapa."

Nikashika kipaza sauti. Mama akasimama kando yangu na kitambaa chake shingoni. Nikafungua kinywa kuanzisha pambio lile la zamani la shukrani ambalo kila mmoja hapa analijua tangu Shule ya Jumapili, na ikatoka nini? Sauti ya pili! Mliona wenyewe. Mpiga kinanda akainua kichwa, vidole vikitafuta. Mtoto mmoja akamwambia mama yake kwa Kiingereza, kwa sauti kubwa, kwamba naimba vibaya. Mstari wa kwanza ukaisha hivyo, mimi peke yangu, kando ya wimbo usiokuwepo. Kila kitu ndani yangu kilisema nikimbilie choo kile kile.

Sikukimbia. Nikaanza mstari wa pili, kwa nguvu zaidi. Na hapo nikasikia kando yangu mkwaruzo, kama mtu anayekuna ubao. Ni mama! Koo lile lililoshonwa! Alikuwa ameingia na sauti ya kwanza, hewa tupu na noti ndani yake kidogo. Mama Furaha akaidaka, akaipandisha. Kisha safu yake nzima ya viti, kisha wanaume kule nyuma, kisha ninyi nyote mkasimama, na wimbo ukatua juu yangu ukiwa mzima, mzima kabisa, nami niko chini yake nimeubeba! Ndugu zangu, nililia na sikupoteza noti. Tulirudia mara ngapi? Mchungaji alisahau mahubiri.

Nilipomsimulia Mzee Harlan, aliuliza kama mliitikia katika ufunguo uleule wa muziki. Nikasema karibu. Akasema, "Karibu inatosha. Sisi hata karibu hatukuwahi kufika."

Msinielewe vibaya. Sijaacha kuuliza maswali, na mchungaji bado ananikwepa. Nimejihoji kama ilikuwa Mungu au ni watu tu waliozoea pambio. Nimelichunguza kila upande. Lakini kilichokuwa kimenifunga miaka minne kilikatika dakika ile na hakijarudi, na mimi sikuwa nimeshika kisu. Jumatatu nilimpigia Purity simu. Sikuwa na hoja hata moja kati ya zile tano. Nilimwambia nimemkumbuka, akalia, nikalia.

Namshukuru Mungu aliyemrudishia mama sauti, sasa ananikemea nayo kila asubuhi. Namshukuru kwa ajili ya mzee anayetukana fremu. Na wewe uliye karibu na mlango, uliyebaki na kipande baada ya wenzako kuondoka, usisubiri mpaka uwe mzima ndipo uanze. Mwamini Mungu na hicho kipande. Anza vibaya. Sisi tuko hapa.

Zimepita karibu miaka miwili tangu siku ile ya pambio. Mwezi uliopita Purity alikuja Adelphi kututembelea, na tukiwa tunamenya viazi akaniambia jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu. Katika kikundi chetu, kabla ya kila wimbo, mimi nilikuwa navumisha noti ya kwanza puani ili wengine waipate. Sikuwahi hata kuihesabu kuwa ni kazi. Mara ya kwanza Purity alipopanda jukwaani peke yake bila muziki wa kurekodi, alisimama mbele ya watu akiwa ameinamisha sikio upande wa kushoto, na ilimchukua muda mrefu kuelewa kwamba alikuwa ananisubiri.