Injera Ngapi kwa Siku

Benchi la kahawa la Belaynesh liko kando ya kinu cha kusaga teff, nafaka ya mkate mwembamba wa injera, huko Gulele, Addis Ababa, na wanaolikalia ni mabingwa wa kila jambo isipokuwa kazi zao. Alasiri hiyo Zerfu, fundi cherehani, alifika akitokea zahanati, akakaa, na benchi likalalamika. Daktari alikuwa amemwambia apunguze kilo kumi na mbili, la sivyo presha itamfanya kama ilivyomfanya kaka yake. Kaka yake amepooza upande wa kushoto tangu mwaka jana, na Zerfu ndiye anayemgeuza kitandani kila asubuhi. Hakutaka kuwasimulia wenzake, lakini Belaynesh alipouliza mbona leo anakataa sukari, siri ikamtoka.

— Kilo kumi na mbili ni kondoo huyo, — alisema Degife, askari mstaafu waliyemwita Kamanda. — Ukishamtoa utamfunga wapi?

— Huyo daktari ni mnene au mwembamba? — aliuliza Mekuria. Yeye walimwita Injinia, kwa kuwa aliwahi kutengeneza redio ikaongea siku mbili.

— Mwembamba.

— Basi ni wivu tu.

Kamanda alitikisa kichwa.

— Jeshini tulikula tumesimama. Chakula kinateremka hadi miguuni, hakipati nafasi ya kukaa tumboni.

— Ndiyo maana hayo magoti yako yamevimba, — alisema Belaynesh, akimimina.

— Wingi wa chakula hauna shida, — Injinia akaingilia. — Shida ni yale matundu ya injera. Yanabeba hewa. Huyu bwana si mnene, amejaa upepo. Awe anaikandamiza kwa ngumi kabla ya kula.

— Nilipimwa kwenye mizani, Injinia. Upepo hauna kilo.

— Tairi la lori lina nini ndani? Haya, kalibebe.



— Afunge, — alisema Kamanda. — Jumatano na Ijumaa, hakuna nyama wala maziwa. Mwili utaisha wenyewe.

— Anafunga miaka yote, — alisema Belaynesh. — Siku za mfungo ndiyo anakula zaidi. Mchuzi wa dengu wa shiro unaelea mafuta, viazi juu, mkate pembeni. Na kahawa yangu anatia sukari vijiko vitatu.

— Daktari kasema nijaze mboga za majani, — alisema Zerfu. — Mafuta yapungue. Injera moja kwa mlo.

Kamanda aliweka kikombe chini taratibu, kama aliyeletewa habari ya msiba.

— Moja? Mtu mzima, una mke na watoto? Majirani watadhani uko kifungoni.

Walicheka, naye Zerfu akacheka nao. Lakini kidole gumba chake kilikuwa juu ya kifundo cha mkono, kikisikiliza mapigo. Alitamani mmoja wao amwambie jambo la kufanya jioni hiyohiyo.

Mwishoni mwa benchi alikuwa amekaa mwanamke mmoja, Wubit, aliyehamia mtaani wiki iliyopita. Alikuwa akisubiri zamu yake kinuni, mfuko wa teff ukiwa miguuni.

— Samahani, kaka. Jana jioni ulikula injera ngapi?

Zerfu alifungua kinywa. Akaliona sinia la nyumbani, mikono saba ndani yake, na mkewe Tsige akimviringishia tonge na kumlisha, yeye akikataa mara mbili kwa adabu kisha akipanua mdomo. Upande mmoja ukiisha, injera nyingine inatandazwa. Mwisho wake hajawahi kuuona.

— Tatu, — alisema. — Au tano.

— Wewe je? — Belaynesh alimuuliza Injinia.

Injinia alianza kuhesabu kwa vidole, kisha akautia mkono mfukoni. Kamanda alikuwa akiangalia barabara.

— Kwetu tunakula sinia moja, dada, — alisema Zerfu. — Hakuna anayehesabu.

— Sasa utapunguza kutoka wapi?

Hakuuliza kwa kejeli. Kinuni wakamwita, akajitwisha mfuko wake akaenda.

Jioni Zerfu alimwomba Tsige ampakulie peke yake. Tsige alidhani mumewe amenuna.

— Nimekukosea nini hata tusile pamoja?

Akamweleza habari ya zahanati, akamtaja na kaka yake. Tsige aliingia jikoni. Alileta sahani ndogo yenye injera moja, lundo la mboga za majani na kijiko cha shiro, akaiweka mezani hapohapo, kando ya sinia. Watoto walicheka kuona baba amepewa chakula cha mtoto.

Zerfu alikula taratibu, na bado akawa wa kwanza kumaliza. Mkono wake ukaanza safari kuelekea kwenye sinia, bila yeye kuutuma. Tsige hakumgombeza. Alilivuta sinia upande wake, akaendelea kula, macho yake yakiwa kwenye chakula ili mumewe asione hofu iliyokuwamo.