Nani Abebe Asidi ya Kabambare

Benchi letu liko pembeni mwa soko la Kasongo, ukutani kwa duka la mfanyabiashara mmoja aliyechoka kutufukuza. Ma Hawa anauza kahawa hapo tangu watu wanapotoka msikitini asubuhi mpaka birika linapokauka, na mimi nashonea kofia zangu hapohapo, maana nyumbani hakuna wa kunichekesha. Wenyeji wengine wa benchi ni wawili. Lukumani tunamwita Pine, ndivyo mashofere wa kamyo, yaani malori, wanavyoita tairi, kwa kuwa anakata viatu kutoka kwa matairi mabovu. Sumaili tunamwita Kinini. Aliwahi kufagia hospitali ya Wabelgiji, na tangu hapo hakuna ugonjwa asioujua, ingawa dawa yake ni hiyohiyo moja, kinini ya malaria. Asubuhi moja akatufikia Kassimu, karani wa kampuni ya dhahabu, kaptula imepigwa pasi safi, uso umekunjamana kama aliyelala njaa. Kassimu ni mtu wangu, na sikupenda kumwona vile.

Ma Hawa: Kassimu, kaa kwanza. Nani amekufa?

Kassimu: Bado, Ma Hawa. Lakini mutu anaweza kufa. Asidi imekuja na treni, wameivusha Lualaba, iko pale magazini, mule kampuni inaweka mizigo. Pipa moja kubwa ya chuma, mutu anaweza kulala ndani na bibi yake. Inatakiwa mugodini, ng'ambo ya Kabambare.

Pine: Si waipeleke?

Kassimu: Nani? Wenye kamyo watatu wanaitaka. Mugiriki, Mureno, na Asani wetu wa hapa. Bwana Mukubwa ni mugeni, hajui shofere hata moja. Ameniambia, "Kassimu, wewe mutu wa hapa, chagua. Saa sita uniletee jina." Na ikimwagika njiani, mimi ndiye naingia gereza. Yeye anarudi kwao Ulaya.

Ma Hawa alimjazia kikombe bila kuulizwa. Sisi wengine tulisogea karibu, maana shida ya namna hiyo haiji benchini kila siku.

Pine: Hii kazi ndogo. Angalia pine. Kamyo yenye pine mupya inakimbia. Yenye pine iliyoisha, shofere anaogopa, anakwenda polepole. Chagua ile yenye pine mubovu kabisa.

Mimi: Kiisha zikipasuka, nani anaziokota akate viatu?

Pine: Mimi ninasaidia kampuni tu!

Kinini: Ninyi hamujui asidi. Mimi niliiona hospitali, ndani ya chupa. Asidi ni kitu ya hasira. Jua ikiwaka inachemka, inakula chuma. Dawa yake, muweke kinini mule ndani, ilale. Itafika Kabambare inakoroma.

Kassimu: Kinini ngapi kwa pipa muzima?

Kinini: Ile ya hospitali yote. Na wagonjwa wavumilie.

Pine: Basi kama inakula chuma, tuache kamyo. Babu zetu walibeba pembe kutoka hapa mpaka Ujiji, kwa kichwa. Tutafute wapagazi, kila mutu na kibuyu chake.

Mimi: Kibuyu cha asidi kichwani?

Pine: Atakwenda mbio, hatalala njiani!

Tulicheka mpaka mwenye duka akachungulia dirishani. Nami nikaona zamu yangu imefika. Nikamwambia Kassimu atafute shofere mwenye wakwe Kabambare. Mtu anayekwenda kwa mama mkwe mikono mitupu haendeshi kwa kasi hata umsukume. Ma Hawa akasema kwa mara ya kwanza mwaka huo nimesema jambo la maana. Kassimu peke yake hakucheka.

Kassimu: Mimi nimefikiri nyimbo za baki.

Kweli hilo lilikuwa wazo. Barabara ya Kabambare inakatwa na mto Luama, na magari yanavuka juu ya baki, yaani mitumbwi iliyofungwa pamoja na kutandikwa mbao. Wapiga kafi wanaimba wakivusha, na kila shofere ana wimbo wake waliomtungia wao. Nyimbo hizo zinafika Kasongo kabla ya kamyo zenyewe. Ukitaka kujua shofere ni mtu wa namna gani, Kasongo nzima itakuimbia.

Pine: Shofere wa Mugiriki ninamujua wimbo wake! "Simba anavuka, maji yanamukimbia."

Kinini: Wa Mureno ni ule, "Bwana arusi, kamyo yako inanukia."

Mimi: Na Gaston, wa Asani?

Pine akasimama, akaweka mikono kiunoni, akatembea kama kuku.

Pine: "Kuku ya Asani, kwanza anashusha watoto! Kuku ya Asani, anachungulia maji!"

Kinini: Aye! Huyo anashusha watu wote kamyo ikifika mutoni. Hata wazee. Anaweka magogo kwa magurudumu, anatembea pembeni kama mwizi. Siku moja nilitembea kwa miguu sababu yake, na nilikuwa nimelipa!

Pine: Kassimu, imekwisha. Peleka jina ya Simba.

Kassimu alishakiweka kikombe chini, anataka kuondoka. Ma Hawa akamshika kaptula.

Ma Hawa: Kaa. Ndugu yangu Antoine anapiga kafi pale Luama. Unajua ile Simba inapatikana namna gani? Chumvi. Shofere anawatupia chumvi na sigara, wanamuita simba. Anaingia kwa baki na watu wote juu, mbuzi juu, motere inalia. Siku ingine gurudumu moja lilibaki nje ya mbao, na walikuwa wanaimba tu. Gaston hana chumvi ya kutupa. Ndiyo maana ni kuku.

Pine alirudi kukaa. Nilimwangalia Kinini, naye akaangalia miguu yake, ile iliyotembea.

Kassimu: Basi ni kuku.

Kinini: Ni kuku. Mimi nilisema tangu mwanzo.

Furaha ikarudi, kila mtu akidai alimchagua Gaston zamani. Kassimu mwenyewe alitabasamu, na moyo wangu ukatua. Kumbe nyuma yetu alikuwa amesimama mwanamke mwenye kitunga cha samaki wakavu, anasubiri kahawa. Aliweka kitunga chini, akatusalimu vizuri mmoja mmoja. Jina lake Victorine, anakaa kando ya Luama, chini ya kivuko, kule maji yanakoelekea.

Victorine: Wababa, munisamehe. Nimesikia munazungumuza maneno ya muto wetu. Huyu Gaston ni mutu muzuri, ananishushaka na mimi. Lakini kamba ya baki inaweza kukatika hata kwa mutu muzuri. Hii asidi ikianguka mule Luama, nani anakuja kutuambia tusichote maji?

Pine ndiye aliyejibu.

Pine: Watapiga ngoma, mama. Pale kwa baki iko ngoma.

Victorine: Ile ngoma inalia kila kamyo ikivuka, baba. Watoto wakiisikia wanakimbia mutoni kuangalia. Na sisi tunaloweka mihogo mule mule. Tutajuaje hii ni ngoma ya kukimbia?

Pine: Basi... wataimba wimbo ingine.

Lakini alisema kwa sauti ndogo, na hakuna aliyecheka. Tuliongea asubuhi nzima juu ya pipa, chuma, magurudumu na gereza la Kassimu, na mimi nikaleta mzaha wangu wa mama mkwe. Niliona aibu. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amefikiri kwamba mto ule una watu.

Kassimu alisimama, akakung'uta kaptula yake.

Kassimu: Mama, acha samaki kwa Ma Hawa. Twende kwa Bwana Mukubwa, umuulize yeye.

Victorine: Mimi? Kwa muzungu?

Kassimu: Nitakuwa pembeni yako. Nitamuambia jina nimechagua ni Gaston, lakini ile pipa haitoki magazini mpaka akujibu.

Mimi: Kassimu, anaweza kukufukuza kazi leo leo.

Kassimu: Najua.

Wakaondoka pamoja kuelekea kwenye ofisi, Kassimu akipunguza hatua ili mama asibaki nyuma. Sisi tulibaki tunawaangalia mpaka wakapinda kwenye kona. Pine, ambaye sijawahi kumwona akimpisha mtu kwenye benchi lile, akanisukuma kwa kiwiko nisogee, akasogea na yeye, na katikati pakabaki nafasi ya mtu mmoja, ya Victorine akirudi.

Ma Hawa akaiangalia ile nafasi, akaongeza maji kwenye birika.