Kijiko Kilichorudi Kwenye Kopo

Mwanangu alinyweshwa dawa ya kuulia wadudu wa maharage, ndugu zangu, na aliyemshikia kikombe ni mimi, baba yake.

Nimeanza na hilo kwa sababu najua habari zilizowafikia. Wengine mmesikia kwamba mtoto alirogwa. Wengine mmesikia kwamba kopo la kliniki lilikuwa bovu. Mwenyekiti amenipa nafasi kabla ya shughuli za kikundi, basi acheni niseme mwenyewe ilivyokuwa. Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi wengine, Waislamu kwa Wakristo, nawasalimu kwa amani.

Mtoto wangu wa mwisho mnamjua, ana miaka miwili na kitu. Kipindi cha baridi aliugua kifua. Akapona, lakini mwili haukurudi. Kliniki wakampa unga wa virutubisho, ule wa kopo, unaokorogwa na maji. Muuguzi alitueleza vizuri. Maji yachemshwe, kisha yaachwe yapoe. Unga upimwe kwa kijiko kilichomo ndani ya kopo, kikiwa kikavu, kisijazwe kikafanya kilima. Kikombe kikikorogwa kinywewe hapo hapo, kinachobaki kimwagwe. Na kopo lifunikwe, likae mahali pakavu.

Nawauliza, hapa Malindi yetu ya milimani, si ile ya pwani, mahali pakavu ni wapi? Ukungu unaingia mpaka kitandani. Chumvi inalowa, kiberiti hakiwaki. Kila mmoja wetu kitu anachokithamini anakipandisha darini, juu ya jiko, moshi ukitunze. Mahindi yako huko. Mbegu ya maharage iko huko. Na dawa ya unga tunayochanganya na mbegu ili isitobolewe iko huko huko, kwenye pakiti yake. Kopo la mtoto nalo nikalipandisha, nikaliweka katikati ya hivyo vyote, nikashuka nimeridhika.

Mke wangu akateremka Muheza kumuuguza dada yake, kazi ya kukoroga ikawa yangu. Jirani yangu mmoja, yupo hapa anainamisha kichwa, alinikuta na kikombe akasema, "Baba, ukimaliza kunyonyesha, njoo tukapalilie."

Nikamwambia, "Subiri kwanza abeue."

Tulicheka sana. Nilikuwa na sababu ya kucheka, mashavu ya mtoto yalikuwa yameanza kujaa.

Kisha asubuhi moja akageuza uso. Akasema, "Chungu." Nikaonja kwa ncha ya ulimi, nikasikia moshi. Ndugu zangu, nyinyi mnajua, kitu kikishuka darini kinanuka moshi, kiwe mahindi, kiwe kikapu. Sikusikia kingine. Nikambembeleza, akanywa karibu chote.

Nilikuwa kwenye banda la mbuzi niliposikia mama yangu akiita jina langu. Hakuita mara ya pili, na hilo ndilo lililonitoa mbio. Mtoto alikuwa mkekani. Mate yalimtoka mengi, yakalowesha kifua. Jasho lilimtiririka, na asubuhi ile sisi tulikuwa tumevaa masweta. Mikono ilikuwa ikirukaruka yenyewe. Nikamfunua jicho, na mboni ilikuwa imebaki nukta. Sijawahi kuliona jicho kama lile. Alikuwa ananitazama, lakini sikuwa na hakika kama ananiona.

Nikamfunga kwenye shuka, nikachukua na kopo nikalitia mkobani, nikidhani kwamba atasikia njaa huko tuendako. Hebu fikirini.

Dereva wa bodaboda aliniambia, "Baba, wewe shika mtoto, barabara niachie mimi." Msitu wa Magamba ulikuwa umefungwa na ukungu, hatuoni hata kona inayofuata. Nilikuwa nimeweka sikio mdomoni kwa mtoto. Dereva alikuwa akiuliza bila kugeuka, "Anapumua?"

"Anapumua."

Tukakata kona. "Anapumua, baba?"

"Anapumua."

Ikafika kona akauliza nami sikujibu, kwa sababu nilikuwa sijui. Pikipiki inanguruma, upepo unavuma, na kile nilichokuwa nakisikia kingeweza kuwa pumzi yangu mwenyewe. Yule bwana hakuuliza tena. Alizidisha mwendo tu.

Hospitalini Lushoto muuguzi alimtazama macho, akamwita daktari kwa sauti, kisha akanigeukia. "Amekula nini?"

"Hajala. Amekunywa unga wake wa kliniki tu."

"Unao hapa?"

Nikatoa kopo. Akafungua, akanusa, akarudisha kichwa nyuma. Akakichomoa kijiko, akakielekeza dirishani. Kwenye mfereji wa mpini kulikuwa na vumbi la kijivu limegandamana, na unga uliokuwa karibu na kijiko ulikuwa na mabonge ya rangi hiyo hiyo.

"Baba, hiki kijiko kimefanya kazi gani nyingine?"

Nikampigia mama simu. Hata katika hali ile nilimwamkia kwanza, "Shikamoo mama."

"Marahaba. Mtoto anaendeleaje?"

"Mama, kijiko cha kwenye kopo. Umekitumia?"

"Nilipimia dawa ya maharage jana. Kinapima vizuri, hakimwagi. Lakini nilikifuta kwa khanga, mwanangu, nikakirudisha mahali pake." Nilisikia mbuzi wakilia kule nyumbani. Akasema taratibu, "Mungu wangu. Nimemuua?"

Daktari, mama alipotutajia kwa simu jina la ile dawa, alijua la kufanya. Walimchoma sindano, wakamwekea hewa, wakamvua nguo na kumwosha. Nilisimama ukutani nikitazama mboni za macho yake. Zilianza kufunguka kidogo kidogo, na aliponiona akalia kwa hasira. Kilio kile nilikipokea kama mvua.

Mama yangu amenikubalia niseme habari hii, naye amekaa mstari wa mbele. Nilimuuliza tena hapo mlangoni kama bado anaruhusu. Akaniambia, "Sema. Wapo wenye vijiko kama kile nyumbani." Sina lawama naye. Mimi ndiye niliyeweka chakula cha mtoto kitanda kimoja na sumu.

Namshukuru dereva yule, hata nauli aliikataa. Nawashukuru walionichotea maji na kukamua mbuzi wangu. Namshukuru muuguzi aliyeuliza swali moja la ziada.

Na ninyi nawaomba, leo mkirudi, pandeni darini mkaangalie. Dawa ya mbegu itoke ndani ya nyumba mnamolala. Sisi ya kwetu iko kwenye kibanda cha majembe, imefungwa. Kopo jipya la mtoto liko chumbani, ndani ya sanduku la mke wangu lenye kifuniko, mbali na jiko na mvuke wake. Kijiko chake hakipimi chumvi wala sukari, hakipimi kitu kingine chochote. Na mtoto akisema chungu, mwaga kwanza, uchunguze baadaye.

Siku tuliyoruhusiwa, daktari alinivuta pembeni. Alisema dawa za namna ile mara nyingine huacha udhaifu wa miguu, nao huja baadaye, mtu akishadhani yamekwisha. Akasema hawezi kujua mtoto alimeza kiasi gani. Niangalie anavyotembea.

Leo asubuhi nilimwita kutoka mlangoni. Akainuka, akapiga hatua, akashika ukuta, akaketi chini akicheka. Mama anasema ni baridi. Mke wangu anasema ni usingizi. Nikamwita tena, akaja kwa kutambaa.

Kesho tunateremka naye Lushoto.